Asilimia 86 halafu C+: Longlegs imewachanganya watu wapi?

Ijumaa moja usiku tulikuwa sebuleni kwa kaka, watu watano ukimhesabu na mama aliyekaa pembeni na ungo wake anachambua mchele wa kesho, shemeji akachomeka flashi kwenye TV. Muvi yenyewe ni Longlegs. Shemeji alikuwa anaisubiri kama mshahara, maana aliona mtandaoni wakosoaji wameipa asilimia 86 na kuna waliosema ndiyo muvi ya kutisha kuliko zote za muongo huu, basi tukazima taa, tukatulia, saa moja na dakika arobaini zikaisha, taa zikawashwa na shemeji katoa macho. "Hiyo 86 wameitoa wapi? Mi hata hamsini siipi!" Kaka naye anasema hajaona muvi kali kama hiyo siku nyingi. Binamu yetu wa chuo akamwagia petroli, akagugo akakuta watazamaji wa Marekani waliotoka sinema usiku wa kwanza waliipa C+. Hapo sasa ikawa vita, wakosoaji wamehongwa, hapana watazamaji hawaelewi sanaa, hapana namba zote za mtandaoni ni uongo, ilimradi kila mtu na lake mpaka saa saba usiku.

Na sio sisi tu. Tangu muvi itoke Julai 2024 ubishi ni huu huu, kila anayeichelewa kuiona anauanzisha upya. Mi nimeona niufungue taratibu kwa sababu ukiuangalia vizuri hakuna anayedanganya hapo, 86 ni kweli na C+ ni kweli, tatizo ni kwamba watu wanadhani ni majibu ya swali moja kumbe ni maswali mawili tofauti kabisa.

Kwanza tuwekane sawa kwenye majina

Muuaji wa mfululizo ni nani? Watu wengi wanafikiri ni yeyote aliyeua watu wengi. Hapana. Mtu akiingia sehemu akaua watu kumi kwa mpigo, huyo ni muuaji wa halaiki. Wa mfululizo ni yule anayeua, anarudi kwenye maisha yake, anakwenda sokoni, anasalimia majirani, halafu siku nyingine anaua tena. FBI wenyewe wanahesabu kuanzia watu wawili tu, sharti ni kwamba yawe matukio tofauti. Huko katikati ya tukio na tukio ndiko muvi zote za aina hii zinakoishi, kwa sababu ndipo mpelelezi anapata muda wa kumtafuta, saa ina gonga na mtazamaji anajua mwingine anakuja.

Muvi ya upelelezi ni ile ambayo kuna swali (nani kaua, kwa nini, tutamkamataje) na sisi tunatembea na mpelelezi kuokota ushahidi. Muvi ya kutisha ni kitu kingine, pale hakuna ahadi ya jibu, ahadi ni moja tu kwamba utaogopa. Zinaweza kuchanganywa ndiyo, kama chai na maziwa, ila aliyeagiza chai ya rangi ukimletea ya maziwa atalalamika hata kama ni tamu. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Sasa Longlegs yenyewe, bila kumwaga mchuzi kwanza. Ameiandika na kuiongoza Osgood Perkins, mtoto wa Anthony Perkins, yule aliyecheza Norman Bates kwenye Psycho ya 1960, kwa hiyo unaweza kusema wauaji wa kwenye skrini kwao ni kazi ya ukoo. Maika Monroe anacheza Lee Harker, dada mdogo mdogo wa FBI ambaye ana kama hisia ya ajabu ya kujua vitu. Nicolas Cage ndiye Longlegs. Miaka ya tisini, jimbo la Oregon, familia zinakufa ndani ya nyumba zao, kila mara baba ndiye kaua wote kisha akajiua, hakuna dalili mtu wa nje aliingia, lakini kila nyumba kuna barua ya maandishi ya siri imesainiwa jina hilo hilo. Aisee hilo ni swali zuri sana la upelelezi. Mtu anauaje bila kuingia ndani? Ukinipa swali kama hilo nakaa wima.

Pilau ililika au haikulika?

Twende kwenye 86. Hiyo namba inatoka Rotten Tomatoes, mtandao ulioanza 1998, na kosa ambalo karibu kila mtu analifanya, na mi nililifanya miaka, ni kuisoma kama maksi za mtihani. Unaona 86 unasema ahaa, imepata A.

Hebu fikiria harusi. Watu mia wamekula pilau, we umesimama mlangoni unamuuliza kila anayetoka swali moja tu, pilau ililika au haikulika? Themanini na sita wanasema ililika. Sasa hapo umejua nini? Umejua watu wengi hawakuiacha kwenye sahani. Hujajua ilikuwa tamu kiasi gani! Yule aliyelamba vidole akaomba nyingine na yule aliyeimaliza kwa sababu tu haikuwa imeungua wote umewahesabu sawasawa, kura moja moja. Ndivyo Rotten Tomatoes inavyofanya na wakosoaji, kila uhakiki unawekwa upande wa ndiyo au upande wa hapana, wanahesabu ndiyo ni ngapi kwenye mia, basi. Mkosoaji aliyeipa muvi nyota tatu kwa tano akasema "si mbaya" na mwenzie aliyeipa tano akalia machozi ya furaha wako kapu moja. Ikifika 60 inapata nyanya nyekundu, chini ya hapo inapata ile ya kijani iliyopasuka.

Wastani wenyewe wa alama walizotoa wakosoaji kwa Longlegs ni saba na ushee kwenye kumi. Saba! Hiyo shemeji asingebishana nayo, angesema sawa, inaeleweka. Lakini hakuna anayeweka saba kwenye posta wakati ana 86 mfukoni.

Ushahidi mzuri zaidi ni huu. Chukua Se7en ya David Fincher ya mwaka 1995, Brad Pitt na Morgan Freeman wanamtafuta muuaji anayefuata dhambi saba kuu, hii kila mtu anayependa muvi za namna hii ataitaja kabla hujamaliza swali. Rotten Tomatoes ina themanini na kidogo, yaani jirani kabisa na Longlegs, inapanda na kushuka pointi moja mbili. Ukisoma kwa macho ya maksi utasema hizi mbili ni daraja moja. Nenda IMDb sasa, ambako watu wa kawaida wanatoa namba moja hadi kumi na mtandao unatafuta wastani. Se7en ina 8.6, miaka nenda miaka rudi iko juu juu kwenye orodha yao ya 250 bora, na Longlegs inazunguka 6.6 hivi. Pengo la alama mbili nzima, ambalo kwenye ile ya nyanya halionekani kabisa. Kwa sababu moja inauliza "ililika?" na nyingine inauliza "umeipenda kiasi gani?"

Halafu usisahau nani anapiga kura. IMDb hakuna anayekuuliza tiketi, na mtu asiyeipenda wala kuichukia muvi hana sababu ya kuhangaika kuandika 6, kwa hiyo wanaojaa ni wenye hasira na wenye mapenzi. Wale watazamaji wa Rotten Tomatoes, ile ndoo ya bisi, angalau wana kundi la waliothibitishwa kununua tiketi, na nao kwa Longlegs walikuwa kwenye sitini na kitu tu. Mbali sana na wakosoaji.

Kadi ilisema biriani

Hii C+ ndiyo iliyoniuma mi kichwa zaidi mpaka nilipoielewa inatoka wapi. Kuna kampuni inaitwa CinemaScore, ya Las Vegas. Mwanzilishi wake Ed Mintz mwaka 1978 alienda na mke wake kuangalia The Cheap Detective, muvi ya vichekesho, wakatoka wamechukia, na pale pale akamsikia mtazamaji mwingine analalamika kwamba kachoka na wakosoaji, anataka kujua watu wa kawaida wanasemaje. Mtu akaenda kujenga biashara kwa hasira ya muvi moja mbaya, na angalia ilivyo, muvi yenyewe ilikuwa ya mpelelezi.

Wanachofanya ni hiki. Usiku muvi inapofunguliwa wanasimama kwenye kumbi za sinema na vikadi, ukitoka unajaza umri, jinsia, kwa nini ulikuja, na unatoa daraja kutoka A+ mpaka F. Ni watu wa usiku wa kwanza tu, na hapo ndipo siri ilipo, kwa sababu mtu wa usiku wa kwanza hajaambiwa na rafiki kwamba muvi ni nzuri au mbaya, amekuja kwa kuvutwa na trela na posta. Kwa hiyo daraja lake kwa kiasi kikubwa linajibu swali la tatu ambalo si la pilau wala si la maksi, linajibu hivi: ulichoahidiwa ndicho ulichopewa?

Turudi harusini. Kadi ya mwaliko imeandikwa chakula ni biriani. Umevaa, umelipa nauli, umefunga mdomo tangu asubuhi kwa ajili ya biriani. Unafika unapewa wali maharage. Wali umeiva, maharage yameungwa nazi, hata kama ungeulizwa bila hasira ungesema chakula kizuri. Lakini hapo mlangoni ukipewa kikadi unaandika nini? Unaandika C+ kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika tumbo.

Ndio maana muvi za kutisha za taratibu, zile zenye mambo ya ndani ndani, CinemaScore zinapigwa vibaya sana. The Witch ilipata C-. Hereditary ya 2018, ambayo leo watu wanaitaja kama moja ya bora za miaka hii, ilipata D+. Kwa kundi hilo C+ si aibu hata kidogo, ni kama mtoto aliyepata 55 kwenye darasa ambalo wa kwanza ana 60. Na kwenye upande wa wapelelezi kuna In the Cut ya Jane Campion, 2003, Meg Ryan na muuaji wa mfululizo New York, ile ilipata F kavu. Watu walimjua Meg Ryan kwa muvi za mapenzi na vicheko, wakaja kumwona Meg Ryan wao, wakakutana na damu na giza. F si kwa sababu muvi haina akili, ni kwa sababu kadi ilisema biriani.

Sasa hawa wa Longlegs kadi yao ilisemaje? Wasambazaji ni Neon, wale walioleta Parasite, ile muvi ya Korea, huko Marekani, na hawa jamaa walifanya kazi moja ya tangazo ambayo hata anayeichukia muvi anavua kofia. Trela fupi fupi zisizoeleza kitu. Tangazo la maandishi ya siri gazetini. Bango Los Angeles lenye namba ya simu ina 666 katikati, ukipiga unasikia sauti ya Cage. Mtandao wa bandia wa "mauaji ya siku ya kuzaliwa" umewekwa kama faili za kesi halisi. Na uso wa Cage wakauficha kabisa, hakuna trela hata moja iliyouonyesha, halafu wakatoa kipande cha sauti wakisema ni mapigo ya moyo ya Maika Monroe siku ya kwanza kumwona Cage amevaa sura ile, eti yalipanda mpaka 170 kwa dakika. We ungebaki nyumbani? Muvi iliyotengenezwa kwa chini ya dola milioni 10 ikafungua na dola milioni 22.4 wikiendi ya kwanza Marekani, na duniani kote ikapita milioni 120.

Lakini angalia hayo matangazo yote yanasema nini. Maandishi ya siri, faili, namba, barua, FBI, kesi. Yanakwambia njoo utegue fumbo. Na midomo ya watu ikamalizia, kila mahali ikawa inalinganishwa na The Silence of the Lambs ya 1991, muvi iliyobeba Oscar tano kubwa zote, muvi bora, muongozaji, waigizaji wakuu wawili na uandishi wa stori. Kulinganisha hivyo ni kumtwisha mtoto gunia la kilo mia. Na kwa bahati mbaya mfanano wa juu juu upo, dada mdogo wa FBI, miaka ya tisini, muuaji wa ajabu ajabu anayeongea kama anaimba, hivyo ubongo wa mtazamaji ukajipanga kwa biriani ile ile.

Kitendawili, tega, nipe mji

Kuanzia hapa namwaga mchuzi, kama hujaiona ruka mpaka utakapoona neno uzushi.

Muvi ya upelelezi kwa mswahili ni rahisi kuielewa kwa sababu tumelelewa nayo. Kitendawili! Tega. Nyumba yangu haina mlango. Unafikiri, unakosea, unakosea tena, mwisho unasalimu amri, nipe mji, unampa Mombasa anazunguka nayo kwa mbwembwe, halafu anakwambia yai. Na unapiga paja, aah kweli bwana! Raha yote iko kwenye hilo paja. Jibu lazima liwe lilikuwepo muda wote kwenye swali, ungeweza kulipata, hukulipata tu. Se7en inafanya hivyo, lile boksi la mwisho jangwani linakuja kama kofi ila ukirudisha nyuma kila kitu kilikuwa kinaelekea pale.

Longlegs inatega vizuri sana. Nusu ya kwanza mi binafsi naipa 9, sidanganyi. Kila fremu ina uwazi mwingi nyuma ya Harker, milango, madirisha, kona za giza, unajikuta unaangalia pembeni ya skrini badala ya katikati, humuoni muuaji lakini mgongo unakuambia yupo. Halafu swali lile, mtu anauaje bila kuingia ndani.

Jibu. Longlegs anatengeneza midoli yenye kitu cha kishetani ndani ya kichwa. Mama yake Harker mwenyewe, kavaa kama sista, ndiye anaipeleka kwenye nyumba za watu, eti zawadi kutoka kanisani, na mdoli ukiingia ndani baba wa nyumba anapagawa anaua familia. Longlegs alikuwa anaishi chini ya nyumba yao Harker akiwa mtoto, mama alikubali hayo yote ili binti yake aachwe hai. Haya yote anatusimulia mama huyo kwa sauti, kwa mpigo, karibu na mwisho, kama mtu anayesoma risala. Na Longlegs mwenyewe anakamatwa bila msako wa maana, anakaa kwenye chumba cha mahojiano, anaongea, anajipigiza uso mezani mpaka anakufa.

Hapo ndipo sebule yetu ilipogawanyika. Shemeji alikuwa kwenye kitendawili, ametoa mji, ameambiwa jibu ni shetani. Shetani! Barua zile, hesabu zile za tarehe kumi na nne, alama zile, zote zinaishia kwenye mdoli wenye pepo? Shetani anaweza kuwa jibu la kitendawili chochote duniani, hakuna anayepiga paja. Kaka hakuwa kwenye kitendawili hata kidogo, alikuwa kwenye hadithi ya kutisha kuhusu mama aliyeuza roho za watoto wa wenzake amwokoe wake, kwake Longlegs ni pambo tu, mtu wa kutisha ni mama mwenye tabasamu na boksi la zawadi mlangoni. Na Perkins mwenyewe ameeleza kwenye mahojiano kwamba hilo la mzazi anayemficha mtoto jambo kubwa kwa kumlinda linatoka kwao nyumbani. Ukiangalia muvi kwa jicho hilo yule sista mlangoni haondoki kichwani wiki nzima.

Mi nimekaa katikati na najua wengi hawapendi watu wa katikati. Shetani hanisumbui, dalili zake ziko wazi tangu dakika za mwanzo, mwenye kulalamika kwamba kaletwa ghafla hakuwa anaangalia. Kinachoniudhi ni ile risala. Muvi iliyotumia saa nzima kutoniambia kitu ikafanya nitetemeke, kwa nini dakika za mwisho inanikalisha chini kunifafanulia kama mwanafunzi wa darasa la pili? Ukimpa mtu jibu la yai humpi na picha ya kuku.

Kuna muvi nyingine zimechukua mji halafu hazikutoa jibu kabisa na bado zimependwa, ila baadaye. Zodiac, ya Fincher pia, 2007, karibu saa mbili na dakika arobaini za waandishi na polisi wanazeeka wakimtafuta muuaji wa kweli wa California ambaye hakuwahi kukamatwa. Ilitengenezwa kwa dola milioni 65 na Marekani ikaingiza kama 33 tu, watu walienda wakitegemea Se7en ya pili. Mwaka 2016 BBC wakawauliza wakosoaji wa dunia muvi bora za karne hii, ikakaa namba 12. Na Memories of Murder ya Bong Joon-ho, 2003, Korea, inaisha mpelelezi anaangalia moja kwa moja kwenye kamera, anatuangalia sisi, kwa sababu muuaji wa kweli alikuwa bado hajajulikana. Alikuja kujulikana 2019, miaka kumi na sita baada ya muvi. Kumbe alikuwa gerezani muda mrefu kwa kesi nyingine ya mauaji.

Uzushi unaozunguka

La kwanza na kubwa, "wakosoaji wamehongwa." Hapana, na sababu haihitaji bahasha. Mkosoaji anaangalia muvi mia na mia kwa mwaka, wapelelezi hamsini wanaofanana, akiona kitu kimepigwa picha tofauti na sauti tofauti anafurahi kama mtu aliyekula ugali mwezi mzima akaletewa ndizi. Na hajalipa tiketi wala kutafuta wa kumwachia mtoto. Wewe unaangalia mbili kwa mwezi, huna uchovu wa ugali, unataka ugali mzuri. Kinachofanyika kwenye matangazo ni kwamba wasambazaji wanaokota sentensi kali kuliko zote, ile ya "ya kutisha kuliko zote za muongo," wanaibandika kwenye posta, zile za "nzuri ila mwisho unalegea" zinabaki kwenye kurasa zao.

La pili, "ni stori ya kweli." Hili nimelisikia mara nyingi na naelewa, ule mtandao wa faili za bandia ulifanya kazi yake. Lakini hakuna Longlegs, hakuna familia hizo, ni utunzi mtupu. Wanaochanganya wanaichanganya na Zodiac, kwa sababu ya barua za maandishi ya siri, na hapo wametegwa kwa makusudi.

La tatu, "Longlegs si muuaji wa mfululizo maana hakumgusa mtu." Huu ubishi naupenda. Kwa maana ya kidokta kidokta ana matukio tofauti, ana muda katikati, ana alama yake anayoiacha, lakini mkono ulioua ni wa baba wa nyumba. Mi nasema aliyetuma ndiye mwenye kesi, ila nakiri hata FBI wa kwenye muvi wanahangaika na hilo hilo.

Na la nne, "C+ maana yake imefeli." Rudia zile dola hapo juu. Imefeli wapi? Kwa Marekani iliipita mpaka Parasite kwa mauzo, na Parasite ilikuwa na Oscar ya muvi bora mkononi.

Sasa kilichonifanya niandike yote haya ni mama. Kiingereza hasikii zaidi ya yes na no, maandishi ya chini hasomi bila miwani, na miwani aliiacha chumbani. Ile scene ya kwanza tu ya mdoli kuletwa mlangoni akasema bila kuinua macho kwenye ungo, "hapo kuna mkono wa mtu," tukacheka, tukaendelea kuokota ushahidi wetu. Shemeji na kaka walipochoka kugombana ndio akatuuliza swali lake moja, "Na ule mdoli wameuchoma?" Binamu akamwambia hapana mama, yule dada alitaka kuupiga risasi bunduki ikagoma, muvi ikaisha hapo. Mama akapepeta ungo mara mbili.

"Basi haijaisha hiyo," akasema, akaenda kuloweka mchele.